Kila mtu ananitajia Linux yake: nichague ipi?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Habari za kazi. Mimi ni mama mwenye duka dogo la steshenari hapa Morogoro, karibu na shule mbili za sekondari. Kazi zetu ni zile unazozijua: kuchapa barua na wasifu wa kuombea kazi, kutoa kopi, kuandaa mitihani ya walimu, picha za pasipoti, kadi za michango ya harusi, na kuwasaidia vijana kujaza maombi ya mikopo na ya ajira mtandaoni. Ninazo kompyuta mbili. Moja ni ya mezani, ambayo hufanya kazi kutwa nzima na ndiyo iliyounganishwa na printa zote mbili, yaani Epson ya wino wa chupa kwa ajili ya rangi na Canon ndogo ya leza kwa ajili ya nyeusi. Nyingine ni laptopu niliyoinunua ikiwa imekwishatumika, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne, RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500. Zote mbili zina Windows 10.

Tangu Oktoba 2025 laptopu imekuwa ikinionyesha ujumbe kwamba Windows 10 haipati tena masasisho, na nilipojaribu kupanda kwenda Windows 11 nikaambiwa kwamba mashine haikidhi vigezo. Fundi mmoja amekubali kuniwekea Windows 11 kwa njia yake mwenyewe, kwa shilingi elfu thelathini, pamoja na programu ya kufungulia leseni. Mara ya mwisho nilipowekewa programu ya namna hiyo, kwenye kompyuta ya mezani, flashi za wateja zilianza kugeuka: mteja anafika nyumbani, anachomeka flashi, anakuta mafaili yake yote yamekuwa njia za mkato zisizofunguka. Nimepoteza wateja kwa jambo hilo, na mwalimu mmoja alinisema mbele ya watu.

Ndipo nikaanza kuulizia habari za Linux, mfumo unaowekwa kwenye kompyuta badala ya Windows, na huko ndiko nilikochanganyikiwa zaidi. Mpwa wangu anayesoma chuo Dodoma anasema niweke Kali, kwa sababu ndiyo wanayoitumia wataalamu wa usalama. Fundi wa pili anasema Ubuntu. Mteja wangu mmoja anasema Mint, lakini hakunieleza kwa nini. Video nilizozitazama zinataja Fedora, Debian na Zorin, na moja ilisema kwamba asiyetumia Arch bado hajaijua kompyuta.

Naomba uniambie nichague ipi, mimi ambaye sijawahi kuandika amri yoyote kwenye kompyuta. Je, mafaili ya Word ya wateja yatafunguka? Printa zangu zitakubali? Na kitu kinachotolewa bure namna hii, nani anakilipia, na atakuja kunidai lini? Nilikuwa nimepanga kubadilisha kompyuta zote mbili Jumapili moja, ili Jumatatu tuanze upya.

Wako,
Mwenye steshenari, Morogoro

JIBU

Dada yangu wa Morogoro, salaam.

Naomba nianze na lile la Jumapili, kwa sababu ndilo linaloweza kukugharimu. Usibadilishe kompyuta zote mbili kwa siku moja. Ile ya mezani ndiyo inayolipa kodi ya duka, na kompyuta inayolipa kodi haiguswi mpaka mwenyewe awe ameuzoea mfumo mpya kwenye mashine nyingine. Anza na laptopu, itumie kwa wiki kadhaa kwa kazi halisi za wateja, kisha utazame ni kazi zipi zilizokulazimisha kurudi kwenye ile ya mezani. Hizo ndizo zitakazokuambia kama uende mbele au ubaki na mashine mbili zenye mifumo miwili, jambo ambalo si aibu hata kidogo na maduka mengi yangefaidika nalo.

Sasa uchaguzi wenyewe. Weka Linux Mint, ile yenye eneokazi (yaani sura ya menyu na madirisha unayoiona kwenye kioo) liitwalo Xfce. Ningeweza kukueleza uzuri wa kila moja kati ya hizo ulizotajiwa, lakini umekwisha kuzungushwa vya kutosha. Kwa hiyo nimekupa jina kwanza, na sababu zinafuata.

Hizo unazoziona kuwa mifumo mingi tofauti ni za ukoo mmoja. Kiini chake ni kilekile, nacho kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Kiini peke yake hakimfai mtu wa steshenari, kwa maana kazi yake ni kuzungumza na prosesa, RAM na diski. Kwa hiyo makundi mbalimbali hukichukua, hukiongezea eneokazi, kivinjari, programu za ofisi na mahali pa kupakulia programu nyingine, kisha huupa mkusanyiko huo jina. Debian ilianza hivyo mwaka 1993. Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004 chini ya kampuni ya Canonical iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, imejengwa juu ya Debian, na Mint, iliyoanza mwaka 2006, imejengwa juu ya Ubuntu. Kwa hiyo fundi wako wa pili na yule mteja wako hawapingani kama ulivyodhani: programu inayokubali kwenye Ubuntu aghalabu hukubali kwenye Mint, na maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya Ubuntu yatakufaa. Zorin nayo ni ya tawi hilohilo, na kama mpwa wako angekuletea hiyo nisingekuwa na ugomvi naye.

Tofauti zinazokuhusu wewe ni tatu tu: uzito wa eneokazi, muda ambao mfumo utaendelea kutunzwa, na matumizi ya bando. Kuhusu uzito, Ubuntu ya kawaida huja na eneokazi la GNOME, ambalo ni zuri kwa macho lakini kwa RAM ya GB 4 litakuwa linahema kabla hujafungua hata kivinjari. Xfce ni jepesi, na limepangwa kwa namna ambayo mtu wa Windows hapotei: menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, na madirisha yaliyofunguliwa yanajipanga katikati. Mint inataja RAM ya GB 2 kuwa kiwango cha chini kabisa na GB 4 kuwa kiwango cha kufanyia kazi kwa raha, ingawa ningekuonya kwamba kinachokula RAM siku hizi si mfumo, bali ni kivinjari chenye kurasa nyingi zilizofunguliwa kwa pamoja, WhatsApp ikiwa mojawapo.

Kuhusu matunzo, Mint 22 ilitoka Julai 2024 na itapata masasisho ya usalama hadi mwaka 2029. Fedora ni mfumo mzuri, tena wenye mambo mapya, lakini kila toleo lake hutunzwa kwa takriban miezi 13, maana yake kila mwaka utakuwa unapakua mfumo mpya na kujiuliza kama printa bado zinafanya kazi. Debian ni imara sana na hutunzwa kwa miaka mingi. Nimeiacha kwa sababu tu Mint imemwekea mgeni vitu kadhaa tayari, kikiwamo kidirisha cha kutafuta draiva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuzungumza na vifaa kama printa, na programu iitwayo Timeshift, inayohifadhi hali ya mfumo ili kitu kikiharibika urudi ulikokuwa jana.

Kuhusu bando, hili halisemwi kwenye video nyingi kwa sababu wanaozitengeneza wana intaneti isiyopimwa. Ubuntu huweka baadhi ya programu zake, kikiwamo kivinjari cha Firefox, kwa mtindo uitwao Snap, ambao hujisasisha wenyewe kimyakimya mara kwa mara, na mafaili yake ni makubwa. Mtu anayenunua GB kwa siku atashtukia bando limekwisha saa nne asubuhi bila kujua limekwendaje. Mint haiweki Snap, na kidirisha chake cha masasisho hukuonyesha kilichopo pamoja na ukubwa wake, kikasubiri mpaka ubonyeze mwenyewe. Ubonyeze usiku, ukiwa na bando la usiku.

Arch naiacha kwa sentensi moja: ni kwa mtu anayetaka kujifunza jinsi mfumo unavyojengwa kipande kwa kipande, na wewe unataka kuchapa mtihani wa Baiolojia kabla ya saa mbili.

Kali inahitaji maneno zaidi, kwa sababu vijana wengi wa vyuo wanaishabikia na wanawashauri wazazi wao kwa nia njema kabisa. Ilitolewa mwaka 2013 na kampuni ya Offensive Security kwa ajili ya watu ambao kazi yao ni kupima udhaifu wa mitandao ya makampuni, kwa idhini ya wenye mitandao hiyo. Imejaa zana za kuvunjia na kuchunguzia, na hadi mwaka 2020 ilikuwa inamwingiza mtumiaji moja kwa moja akiwa na mamlaka yote ya mfumo, kitu ambacho mifumo mingine hukiepuka makusudi. Mfumo wenye zana za kushambulia haumfanyi mwenye nao awe salama zaidi. Tena nyaraka za Kali zenyewe zinasema wazi kwamba haipendekezwi kwa mtu asiyeifahamu Linux wala kwa anayetafuta mfumo wa matumizi ya kawaida. Mwonyeshe mpwa wako ukurasa huo, kisha mpe kazi nyingine nitakayoitaja mbele, kwa sababu ujuzi wake unahitajika.

Umeuliza nani analipia. Kiini cha Linux kinatolewa chini ya leseni iitwayo GPL tangu mwaka 1992, na leseni hiyo inamruhusu yeyote kukitumia, kukichunguza, kukibadilisha na kukigawa, kwa sharti kwamba anayegawa alichokibadilisha awape wapokeaji haki zilezile. Kwa hiyo hakuna mtu mwenye uwezo wa kuja kesho akafunga kilichokwisha kutolewa. Wanaolipa ni makampuni yanayokitegemea kwa biashara zao: Intel, Google, Red Hat na mengine huajiri wahandisi ambao kazi yao ya kila siku ni kukiandika, kwa sababu seva zao zinaendeshwa nacho. IBM iliinunua Red Hat mwaka 2019 kwa dola bilioni 34, na Red Hat ni kampuni ambayo bidhaa zake ni programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Fedha inatokana na huduma na msaada wanaouziwa wateja wakubwa. Simu yako, kama ni ya Android, imejengwa juu ya kiini hichohicho, na kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zimekuwa zote zikitumia Linux tangu Novemba 2017. Mint yenyewe ni kundi dogo linaloendeshwa kwa michango ya watumiaji na wafadhili. Hutadaiwa, ila siku ukipata nafasi ya kuchangia hawatakataa.

Tuje kwenye Word, maana hapo ndipo duka lako linaposimama. Mint huja na LibreOffice, ambayo ilizaliwa mwaka 2010 kutoka OpenOffice.org, programu ileile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliifasiri kwa Kiswahili mwaka 2004 na kuipa jina la Jambo OpenOffice. Kwa hiyo si mgeni kabisa hapa nchini. Inafungua mafaili ya Word, Excel na PowerPoint, na inahifadhi kwa mitindo hiyo. Barua ya kawaida itafunguka bila tatizo lolote. Matatizo yataonekana kwenye wasifu ulioandaliwa kwa visanduku na majedwali, na kwenye mitihani yenye milinganyo ya Hisabati.

Sababu kubwa ni fonti. Mteja ameandika kwa Calibri, laptopu yako haina Calibri, basi LibreOffice inaweka Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule na mistari haihami. Lakini akiwa ametumia fonti ya ajabu aliyoipakua mwenyewe, maneno yatatanuka, mstari mmoja utasukumwa chini, na jina la mdhamini wa mwisho litakwenda peke yake kwenye ukurasa wa pili. Mteja hatakuuliza habari za fonti, atakuuliza kwa nini umemchapia karatasi mbili. Fanya mambo mawili. La kwanza, weka kifurushi cha fonti za Microsoft, ambacho kinapatikana kwa kuandika ttf-mscorefonts-installer kwenye kidirisha cha programu, nacho kitakupa Times New Roman na Arial zenyewe. La pili, wazoeze wateja kukuletea PDF kazi inapokuwa imekwisha na inasubiri kuchapwa tu, kwa sababu PDF haihami kwenye kompyuta yoyote, iwe ya Windows au ya Linux. Bandika tangazo mlangoni. Wale walimu watakushukuru, kwani hata kati ya Word ya zamani na Word mpya mitihani yao huhama.

Kadi za harusi ni suala gumu zaidi. Kama unazitengeneza kwa Publisher, LibreOffice Draw inaweza kufungua mafaili hayo, lakini mara nyingi yatahitaji kunyooshwa, na kadi yenye maua na kivuli huenda ukaona afadhali uianze upya. Hata hivyo Microsoft yenyewe imetangaza kwamba Publisher itaacha kutunzwa Oktoba 2026, kwa hiyo safari hiyo ingekukuta hata ungebaki kwenye Windows; anza mapema kujifunza Inkscape au Scribus, programu za kuchorea na kupangia kurasa, zote bure. Picha za pasipoti zinafanyika vizuri kwa GIMP, programu ya bure ya kurekebishia picha, ila kama mikono yako imezoea Photoshop usitegemee wepesi uleule katika wiki za mwanzo. Photoshop haitengenezwi kwa ajili ya Linux, na mtu akikuambia kuna njia ya kuilazimisha, msikilize kwa heshima halafu uendelee na kazi. Picha na kadi zibaki kwenye ile ya mezani kwa sasa.

Fomu za mtandaoni hazina tatizo, kwa kuwa zinajazwa kwenye kivinjari, na Firefox ya Mint ni ileile ya Windows.

Printa sasa. Epson za wino wa chupa kwa kawaida zinakubali, ama zenyewe mara tu unapochomeka waya, ama kwa draiva ambayo Epson inaitoa kwa ajili ya Linux. Canon ndogo za leza ndizo zenye ukaidi: baadhi ya aina zina lugha yake ya peke yake, na haziandiki neno mpaka uweke draiva kutoka tovuti ya Canon, kulingana na aina kamili ya printa yako. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote nenda kwenye tovuti hiyo, tafuta aina ya printa yako, na utazame kama katika orodha ya mifumo Linux imo. Siku nyingine ukinunua printa ya tatu, fahamu kwamba nyingi za HP hufanya kazi na Linux bila shida, kwa sababu HP inatunza draiva iitwayo HPLIP ambayo Mint inakuja nayo.

Uzuri wa Linux ni kwamba huhitaji kunisadiki mimi wala printa zako kwa maneno matupu. Mint inaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na hapa ndipo kazi ya mpwa wako inapoingia. Mwombe apakue faili la Mint Xfce kutoka linuxmint.com, na si mahali pengine popote. Ni karibu GB 3, na chuoni huenda ana intaneti nzuri kuliko yako. Akishalipakua alinganishe namba ndefu ya uhakiki, ile ya SHA-256, na ile iliyochapishwa kwenye tovuti. Hilo si jambo la kupuuza: tarehe 20 Februari 2016 wahalifu waliingia kwenye tovuti ya Mint na kuelekeza watu kwenye faili lililotiwa mlango wa siri. Kisha aliandike kwenye flashi ya GB 8 kwa kutumia Rufus au balenaEtcher, akijua kwamba kila kilichomo kwenye flashi hiyo kitafutika.

Washa laptopu flashi ikiwa imechomekwa, na ubonyeze kitufe cha kuchagua chanzo: kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP nyingi ni Esc kisha F9. Utaingia kwenye Mint kamili. Usiipime kasi, kwa sababu flashi kwa kawaida huenda polepole kuliko diski. Pima kama Wi-Fi inashika, kama sauti inatoka, kama mwanga wa kioo unapungua na kuongezeka, na kama Epson inachapa. Wi-Fi ikikataa, unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, na ufungue kidirisha cha draiva; mara nyingi ni chipu ya Broadcom inayongojea draiva yake. Fungua mafaili matano au sita ya wateja yaliyo magumu kabisa, hasa ule mtihani wa Hisabati. Ukizima na kuchomoa flashi, Windows yako itarudi kama ulivyoiacha.

Ukiridhika, usisakinishe juu ya diski uliyonayo, wala usiruhusu mtu akugawie diski hiyo kati ya Windows na Linux. Kwenye ukurasa wa kusakinisha kuna chaguo la kufuta diski yote, na mgeni aliyechoka hulibonyeza. Chukua ile elfu thelathini uliyokuwa umwekee fundi wa kwanza, uongeze kidogo kadiri bei zilivyo hapo mjini, ununue SSD, yaani diski isiyozunguka, ya aina ya SATA ya inchi 2.5 yenye GB 240 au zaidi. Fundi wa pili atoe diski ya kuzunguka, aweke SSD, na Mint isakinishwe huko. Diski ya zamani itabaki na Windows yake na mafaili yako yote bila kuguswa, na ikiwekwa kwenye kasha la USB utaisoma kutoka Mint utakapohitaji kitu. Tena nikuambie bila kuficha, sehemu kubwa ya wepesi utakaousikia itatokana na SSD kuliko Linux. Ukibakiwa na fedha, ongeza RAM ifike GB 8. Laptopu za kizazi cha nne kwa kawaida hutumia RAM ya aina ya DDR3L, kwa hiyo fundi afungue atazame kwanza, asikuletee DDR4.

Flashi zilizogeuka: programu za kufungulia leseni kwa kawaida hukutaka uzime kwanza kinga ya virusi, na mlango ukishakuwa wazi, flashi ya kwanza yenye ugonjwa inaambukiza mashine, na mashine inaambukiza kila flashi inayofuata. Virusi hivyo vya njia za mkato vimeandikwa kwa ajili ya Windows na haviendeshwi kwenye Mint. Ukichomeka flashi iliyogeuka kwenye laptopu yako mpya utaona zile njia za mkato, zenye majina yanayoishia na lnk, na pembeni yake folda ambayo Windows ilikuwa inaificha, mara nyingi haina jina au ina jina la ajabu. Ndani ya folda hiyo kwa kawaida mafaili ya mteja yapo, salama. Yanakili kwenye laptopu, mwonyeshe mteja, na akikubali ndipo uifute flashi na kumrudishia mafaili yake. Ila usibandike tangazo kwamba kompyuta yako haina virusi, maana faili lenye ugonjwa linaweza kupita kwako bila kukudhuru, likamdhuru mteja mwenye Windows anayelipokea.

Ile ya mezani, kwa wakati huu, iondoe hiyo programu ya leseni na uangalie kizazi cha prosesa yake. Windows 11 inataka, pamoja na mengine, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Ikiwa inavyo, kununua leseni halali na kubaki na Photoshop kunaweza kuwa uamuzi wa busara kwa kazi za picha. Ikiwa haina, Microsoft imeruhusu wenye Windows 10 halali wajiandikishe wapate masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na muda huo unakutosha kuizoea laptopu na kuhamishia kadi zako kwenye Inkscape.

Canon ikikataa hata baada ya kuwekewa draiva yake, niandikie tena unitajie aina yake kamili kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma, pamoja na ujumbe unaotokea unapojaribu kuchapa, uunakili neno kwa neno.